West Highland Way kwa miguu: mambo ya kujua kabla hujatoka Glasgow

Nianze na hesabu iliyonipa kiburi mwaka niliofika huku Scotland. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza nzima, una mita 1345. Arusha mjini, pale unapokunywa chai na sambusa zako ukisubiri Coaster, uko kama mita 1400. Yaani kilele chao kiko chini ya stendi yetu. Mimi mtoto wa Moshi, mjomba wangu kabeba mizigo Kilimanjaro miaka na miaka, ni mgumu kama wanavyojiita wenyewe wapagazi wa kule, basi nikaona hiki si mlima ni tuta, nikavaa jinzi na raba na sweta la pamba nikaenda. Nilirudi natetemeka mpaka funguo ya nyumba inagoma kuingia kitasani, na kileleni kwenyewe sikufika.

Nilichokuja kuelewa baadae ni hiki. Kilimanjaro unaingia getini, unaandikisha jina, unalipa, unapewa guide, kuna mtu wa kukupikia na mtu wa kukubebea, na guide akiona umechoka vibaya anakushusha utake usitake. Scotland hakuna geti, hakuna kulipa, hakuna anayejua kama umepanda wala kama umeshuka. Sheria ya ardhi yao ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote, mashamba ya watu humo, milima, kando ya maziwa, mradi uwe na adabu. Raha kweli. Lakini maana yake ni kwamba guide ni wewe, mgumu ni wewe, mpishi ni wewe, na wa kusema "leo tunageuza" pia ni wewe. Yote nitakayoandika hapa chini yanatoka kwenye hilo.

Kama hujawahi kutembea huku anza na West Highland Way. Ina kilomita 154, inatoka kitongoji cha Milngavie nje kidogo ya Glasgow mpaka Fort William chini ya Ben Nevis, ilifunguliwa rasmi 1980 na ndiyo ya kwanza kutambuliwa rasmi Scotland kama njia ndefu ya miguu. Alafu Milngavie usiitamke ilivyoandikwa, watu watakuangalia, sema Mal-gai. Treni kutoka Glasgow katikati ni kama nusu saa tu. Njia nzima ina vinguzo vyenye alama ya ua la mbigili, ua la taifa lao, kupotea kwenye njia yenyewe ni kazi labda uwe unachat huku unatembea. Zipo nyingine, kuna Great Glen Way inayoendelea kutoka Fort William mpaka Inverness, kuna Southern Upland Way inayokata nchi kutoka pwani hadi pwani zaidi ya kilomita 340 na watu wachache mno, kuna Cape Wrath Trail ambayo haina hata alama moja. Hiyo ya mwisho isahau kwanza.

Mwezi wa kwenda ni Mei. Mvua huwa nafuu kidogo, usubi haujaamka vizuri, na mwanga upo mpaka usiku. Septemba nayo nzuri. Juni na Julai jua linazama saa nne usiku kabisa, unatembea utakavyo, ila kuna usubi, nitaufikia. Desemba mwanga ni kama masaa saba tu kwa siku, saa tisa na nusu mchana kagiza kameanza, hapo usijaribu kama ndio mara yako ya kwanza.

Siku ngapi? Wengi wanafanya saba au nane. Kuna jamaa watakwambia wamemaliza kwa siku nne, hongera zao. Siku ya kwanza Milngavie hadi Drymen kilomita 19, tambarare, inakudanganya kwamba kazi ni rahisi. Ya pili unapita Conic Hill, mita 361 tu, ukiwa juu unaona visiwa vya ziwa la Loch Lomond vimejipanga mstari mmoja kama vile mtu kavipigia kamba, na huo mstari ni ufa mkubwa wa ardhi unaotenganisha nyanda za chini na Highlands, yaani nyanda za juu, kwahiyo pale ndipo unapoingia Highlands zenyewe. Unalala Rowardennan. Siku ya tatu, Rowardennan mpaka Inverarnan, ndio inayowavunja watu. Kwenye ramani unaona njia inafuata ukingo wa ziwa unasema ah tambarare, kumbe ni mizizi na mawe, unapanda unashuka unashika miti kwa mikono, kuna sehemu nilikuwa natembea kilomita mbili kwa saa na mimi sio mzembe. Kuna mbuzi pori humo, harufu yao inakufikia kabla yao. Siku hiyo toka mapema, usipange kufika sehemu kwa muda fulani.

Baada ya hapo Tyndrum, kisha Bridge of Orchy, kisha unavuka Rannoch Moor mpaka Kingshouse. Hiyo Rannoch Moor ni uwanda mkubwa wa mboji na vidimbwi, hakuna mti wa kujificha, hakuna duka, barabara yenyewe ni ya mawe ya zamani yanayochoma nyayo hata kupitia soli. Siku ya jua ni sehemu nzuri kuliko zote. Siku ya upepo na mvua utakumbuka madhambi yako yote. Inayofuata unapanda Devil's Staircase, Ngazi ya Shetani, njia iliyochongwa na wanajeshi miaka ya 1750 hivi, jina linatisha kuliko kazi yenyewe, ndio sehemu ya juu kabisa ya njia nzima, kama mita 550, kisha unashuka Kinlochleven, na huko kushuka ndiko magoti yanalia. Kesho yake kilomita 24 za mwisho mpaka Fort William.

Sasa nguo, hapa nitakaa kidogo kwasababu watu wetu ndipo tunapokosea. Usivae pamba. Usivae jinzi, narudia, usivae jinzi. Pamba ikilowa inakaa na maji na inakunyonya joto, na huku utalowa tu, kama sio mvua basi jasho. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ile ya michezo inayokauka haraka, juu yake flisi, juu kabisa koti la mvua la ukweli pamoja na suruali yake ya mvua. Koti ambalo limeandikwa linazuia maji na koti linalozuia maji kweli ni vitu viwili tofauti, langu la kwanza nililinunua kwa bei ya kutupa, liligeuka sponji kabla sijafika nusu ya Rannoch. Ujanja wa kulijaribu: simama nalo bafuni chini ya shawa dakika kumi. Mkeo atacheka, mwache acheke. Kofia ya sufu na glavu beba hata Julai, mimi nimevaa glavu Julai.

Begi lako hata kama linakuja na kile kifuniko cha mvua usikiamini, upepo unakipeperusha kama mwavuli. Weka mfuko mkubwa mgumu wa taka ndani ya begi, nguo kavu na slipingi begi ziingie humo, ufunge fundo. Inagharimu senti chache na ndio kitu kilichoniokoa kuliko vyote nilivyonunua kwa mamia. Na seti moja ya nguo za kulalia haiguswi mchana hata iweje. Asubuhi unarudia kuvaa zile zilizolowa jana, baridi inakupiga dakika tano alafu mwili unazipasha. Ukivaa zile kavu kwa tamaa utakuwa na seti mbili za nguo mbichi.

Miguu. Viatu vivae nyumbani, dukani, kazini, angalau wiki tatu kabla ya safari, mguu na kiatu vizoeane. Chukua saizi iliyozidi nusu kwasababu miguu inavimba. Soksi za sufu pea tatu. Mafuta ya mgando paka kati ya vidole na katikati ya mapaja kila asubuhi, hapa sioni aibu kusema, mtu mwenye mapaja kama yangu bila mafuta ya mgando siku ya pili anatembea kama bata. Na ukisikia sehemu ya mguu inapata moto, simama HAPO HAPO ubandike plasta. Sio ukifika kwenye kile kilima. Lengelenge linachukua robo saa kutokea na siku tano kupona.

Haya, usubi. Wazungu wanaita midge, ni wale wale vidudu vidogo kama punje ya pilipili manga, ila wa huku wanakuja kama wingu. Hawaambukizi malaria wala nini, lakini watu wazima nimewaona wanakimbia na bakuli la uji mkononi. Wanapenda hali ya hewa tulivu yenye unyevu, alfajiri na jioni, kuanzia mwisho wa Mei mpaka Septemba hivi. Jua kali hawalipendi na upepo hawauwezi, hata upepo mdogo tu wa kupeperusha majani unawashinda. Kwahiyo hema lisisimame bondeni pazuri penye majani marefu karibu na maji, hapo umejipeleka mwenyewe. Panda juu kidogo upepo ukufikie. Nunua dawa ya kupaka na chandarua cha kichwani, paundi chache tu, utaonekana kama mlina asali lakini utakula chakula chako kwa amani. Kitu kingine ni kupe, hao ndio wa kuogopa maana wanaweza kukuambukiza ugonjwa wa Lyme. Kila jioni jikague, nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, ukimkuta mtoe na kile kikulabu chake cha plastiki, usimpake mafuta wala kumchoma na kiberiti. Baadae ukiona ngozi imeota duara jekundu linalopanuka nenda hospitali, na kwenye ngozi yetu nyeusi hilo duara haliji jekundu kama kwenye picha zao, linaweza kuwa kama kivuli tu au alama ya zambarau, kwahiyo ukipata homa na uchovu usioeleweka wiki kadhaa baada ya safari mwambie daktari uliumwa na kupe, usisubiri aulize.

Kulala una njia tatu. Hosteli na nyumba za wageni, ambazo kwa Mei lazima ubook miezi kabla, Kingshouse na Rowardennan hasa zinajaa mapema. Kambi za kulipia. Au hema lako popote kwa ile haki niliyosema, kikundi kidogo, usiku mmoja au miwili, unaondoka hakuna anayejua ulikuwepo. ILA ukingo wa mashariki wa Loch Lomond kuna sheria yao ndogo, kuanzia 1 Machi mpaka 30 Septemba maeneo mengi ya pale huruhusiwi kupiga hema bila kibali, unakichukua mtandaoni kwa hela kidogo, au ulale kwenye kambi rasmi. Wengi hawajui na wanaamshwa na askari wa hifadhi. Kuna pia vibanda vya mawe vya bure visivyo na kufuli, vinaitwa bothy, viwili viko kando ya njia kwenye ile sehemu ngumu ya ziwa, Rowchoish na Doune Byre. Ni kuta na paa na jiko la kuni, basi. Choo hakuna, unatembea na kijikoleo chako, unachimba mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji, unafukia. Ukifika bothy mpaka mtu wa saa nne usiku aliyelowa anakaribishwa, mnasogeana.

Kubeba nako kuna ujanja. Kuna kampuni zinakuchukulia begi kubwa asubuhi na gari, unalikuta jioni unapolala, wewe unatembea na kibegi chenye maji na koti. Mjomba nilipomweleza kwamba wagumu wa huku wanabeba mizigo kwa van alicheka mpaka akakohoa. Mimi mara ya kwanza nilibeba mwenyewe kilo 17, mara ya pili nikalipia van, na sina mpango wa kurudia ushujaa.

Chakula sio shida kubwa, maduka yapo Drymen, Balmaha, Tyndrum, Kinlochleven, ila kati ya Tyndrum na Kinlochleven ni hoteli hoteli tu na bei zake, jaza begi Tyndrum. Asubuhi uji wa oti, hapo Waskoti na sisi lugha moja, ingawa wao wengine wanatia chumvi. Njiani mimi nabeba chapati zilizokunjwa na siagi ya karanga, haziharibiki, hazivunjiki, hazihitaji kupashwa. Kuna peremende yao inaitwa tablet, sukari na maziwa mazito na siagi, ni kama kashata isiyo na nazi, kipande kimoja kinakupandisha kilima. Maji ya vijito yanaonekana safi kama ya chupa, lakini huko juu kuna kondoo na pengine kondoo aliyekufa ndani ya kijito chenyewe, chuja au chemsha.

Tukija kwenye vilima vyenyewe. Milima ya Scotland inayozidi futi 3000, yaani mita 914, inaitwa Munro, iko 282, kwa jina la Sir Hugh Munro aliyetoa orodha yake 1891. Watu wanaikusanya kama sisi tulivyokusanya vifuniko vya soda. Ukiwa Rowardennan unaweza kuongeza siku moja ukapanda Ben Lomond, mita 974, njia iko wazi. Kupiga hesabu ya muda tumia kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Ben Lomond kwenda na kurudi ni kama kilomita 12 na mita 990 za kupanda, inakuja kama masaa manne, bila chai, bila picha, bila kupumzika. Mimi naongeza theluthi. Njia hiyo hiyo ya hesabu itakuonyesha kwamba Ben Nevis kuianza saa nane mchana ni ujinga.

Majina nayo jifunze machache ya Kigaeli maana ramani inakuambia kitu: beinn au ben ni mlima, loch ziwa, glen bonde, mòr kubwa, beag ndogo, bealach ni kile kipito kati ya vilima viwili. Ramani ya karatasi na dira beba hata kama simu yako ina kila programu, baridi inaua betri na skrini iliyolowa haisikii kidole. Na ujue kuzitumia, sio kuzibeba tu kama hirizi. Hali ya hewa ya mji sio ya mlimani, angalia utabiri wa milimani, kuna huduma inaitwa MWIS wanautoa bure kila siku mtandaoni, na usiangalie mvua peke yake angalia upepo. Upepo wa maili 40 kwa saa juu kileleni huwezi kutembea sawasawa, ukifika 60 unaangushwa chini. Kila mita 100 unazopanda joto linashuka karibu nyuzi moja, chini 12 juu unakuta iko karibu na sifuri, kisha ongeza upepo.

Ben Nevis kwenye hali nzuri ni njia ya mawe iliyotengenezwa vizuri, watu kibao, bibi na wajukuu. Kwenye ukungu na theluji, ambayo inaweza kukaa pale juu mpaka Mei na Juni, kilele kinageuka karatasi nyeupe, na upande wa kaskazini kuna magenge ya mamia ya mita yenye mabonde yanayoingia mpaka karibu na njia. Huoni ukingo. Hapo bila kujua kutembea kwa dira usipande, na kama umeshaanza na wingu limeshuka geuka. Mimi nimegeuka Ben Nevis mara mbili. Ya tatu nilifika, nikakuta ukungu, nikapiga picha na jiwe.

Dalili ya kuogopa kwa mwenzako ni hii, ametetemeka sana kisha ameacha kutetemeka, anajikwaa, anaongea kama kalewa, anakwambia yuko sawa. Hayuko sawa. Mvalishe kavu, mkinge upepo, mpe kitu cha sukari, na piga 999 omba polisi kisha waambie unataka kikosi cha uokoaji milimani. Ni watu wa kujitolea wanaacha kazi zao na vitanda vyao kuja, na hawakutozi chochote, kwahiyo usiogope bili kama wengine wetu tunavyoogopa. Netiweki ikiwa kidogo meseji inaweza kupita pale simu inaposhindwa, ila lazima ujisajili kabla, tuma neno register kwenda 999 ukiwa bado nyumbani. Filimbi beba, mipulizo sita, unapumzika dakika, unarudia. Na kabla ya kutoka mwambie mtu unapita wapi na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Mimi namtumia dada yangu Dar, anachukia kwasababu anakaa macho, lakini ndio daftari langu la getini.

Adabu ni ndogo tu. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, lililo wazi liache wazi. Wakati kondoo wana watoto, Aprili na Mei, pita mbali nao. Agosti mpaka Oktoba kuna uwindaji wa kulungu, ukikuta kibao kinaomba upite njia nyingine ukiheshimu hupotezi kitu. Na salimia watu, huku mjini anaweza asikuangalie lakini njiani kila mtu anakusalimia, na ndio mahali pekee Scotland ambapo nimeulizwa "umetoka wapi" na mtu anamaanisha umelala wapi jana.

Fort William mwisho wa njia kuna sanamu ya mzee amekaa anakanda mguu wake, kaa nae. Kisha treni ya kurudi Glasgow, karibu masaa manne, book mapema na ukae upande wa kushoto. Kuanzia Bridge of Orchy reli inarudi kwenye njia yako, unaona vinguzo vya mbigili na watu wenye mabegi wameinama kwenye mvua, mbele zaidi ziwa linafunguka na ng'ambo yake ni ule ukingo wa mizizi na mbuzi uliokutoa jasho siku nzima, treni inaumaliza kabla chai yako haijapoa.